Kabla ya Kulitupa Jina la Mutu

Ninyi vijana wa simu, kaeni kwanza. Vile vya masikioni toeni kimoja, kingine kibaki, inatosha. Nina jambo la kuwaambia na sina muda mwingi, maana keshokutwa asubuhi napanda moto, yaani pikipiki, kwenda Shabunda, mimi na magoti yangu haya mabovu.

Naenda na Nsimire, mutoto wa dada yangu, yule mwimbaji ambaye wimbo wake mnaupiga hapa Bukavu, Kadutu nzima, bila hata kujua anakaa wapi. Anakaa Nguba, chumba kimoja na mama yake. Ameitwa kuimba kwenye sherehe ya kutoa matanga. Aliyemwita hatukumwona sura. Na huko Shabunda kuna mutu mmoja mwenye pesa na vijana wake ambaye Nsimire amemuudhi kwa wimbo. Sasa, mwaliko ni wa kweli ao ni mutego? Wiki nzima nimekuwa na swali hilo tu, hata misani padri anasoma Injili mimi nawaza Shabunda.

Lakini hamtaelewa kitu kama sijawaambia kwanza kazi yangu.

Mimi nilikuwa atalaku. Ndiyo, chekeni. Maisha yangu yote nimelipwa kwa kupiga kelele. Waimbaji wanaimba mapenzi yao taratibu, kisha gitaa zinaingia kwenye sebene, pale wimbo unapochangamka na watu wanaacha viti, na hapo mimi nashika mikro. Naamsha wachezaji, nachokoza akina mama, na natupa majina. Papa fulani wa Nguba! Maman fulani wa vitenge! Jina linalotupwa namna hiyo tunaliita libanga, na mwenye jina anatoa kitu. Orchestre yetu haikula tikiti za mlangoni, hizo zilikuwa za mwenye salle, ule ukumbi. Tulikula majina. Kadutu waliniita Tonton Kelele, yaani Mjomba Kelele, na dada yangu hadi leo nikimpigia anaiweka simu mbali na sikio.

Aliyenifundisha ni Muzee Mugaruka, chef wa orchestre, mutu mfupi, mukali, aliyevaa kofia hata kanisani mpaka padri amuonyeshe kidole. Nilifikiri atanifundisha sauti. Wapi! Kazi ya kwanza alinituma kwenda kuangalia mutu. Kulikuwa na mufanyabiashara wa Nguba aliyetuma bahasha, anataka jina lake liingie kwenye wimbo mupya. Mugaruka akaiweka bahasha juu ya bafle, spika yetu kubwa, hakuifungua.

"Teremuka Nguba," akaniambia. "Mwangalie sura. Kisha uliza majirani banamuitaka nani kama yeye haiko."

Nikateremka kwa miguu, nikamsalimia jamaa, nikauliza majirani, nikaupanda tena mlima wa Kadutu ulimi nje. Nikamwambia Mugaruka kwamba majirani wanasema anampiga muke wake. Bahasha ikarudi ilikotoka. Siku ile tulikula bugali na sombe isiyo na mafuta, na nilimkasirikia yule muzee mpaka nikataka kuacha kazi. Baadaye nikaelewa. Jina unalolitupa, watoto wa watu wataliimba wakienda kuchota maji. Hawajui mwenyewe ni nani. Wanajua tu kwamba wewe ulimsifu, na wanakuamini.

Mwenzangu Safari hakutaka kuelewa. Siku moja, Jumapili mchana, kwenye ubatizo, rafiki wa mwenye sherehe akamnong'oneza jina kwa mzaha, na Safari akalitupa papo hapo: "Maman Chantal, malkia wa moyo wa Papa Dieudonné!" Sauti nzuri, mahali pazuri, sebene imekolea. Ila muke wa Papa Dieudonné, aliyekaa pale mbele na mutoto wa ubatizo mikononi, haitwi Chantal. Kwanza kiliruka kiatu kimoja, kisha cha pili, kisha kiti. Safari alijificha nyuma ya bafle mpaka wageni wameondoka, na bafle yetu ikatoka pale imetoboka. Papa Dieudonné mwenyewe walimtoa chini ya meza.

Ndiyo maana Mugaruka alikuwa na desturi yake. Ukiitwa kwenye sherehe, kabla hujasema ndiyo, omba majina. Usiseme unataka kujua kama ni watu wa kweli, omba tu majina ya kutupa, kisha usikilize yanavyokuja. Nyumba ya kweli haiwezi kukupa majina vizuri. Wanaanza na bibi, wanagombana, wanarudi nyuma, wanakuita tena kwa sababu wamesahau shangazi na shangazi amenuna. Kama ni matanga, wanaanza na marehemu, halafu waliomuuguza, halafu waliochimba kaburi. Mutu wa kujionyesha anakutumia jina moja tu, la kwake, na vyeo vinafuata nyuma. Nimefanya kazi hii mpaka mvi zimenijaa, na desturi hiyo haijawahi kunidanganya.

Sasa tuje kwenu.

Zamani wimbo ulikuwa kaseti. Kaseti mama ilikaa kwenye sanduku la Mugaruka, ufunguo shingoni mwake. Tulipokosea kitu, tulishuka sokoni, tukamwambia muuzaji atupe zile za jana, tukampa nyingine. Wezi wa kunakili walikuwako, tena wengi, lakini mwizi wa kaseti anahitaji mashine, na courant, umeme wa Bukavu, mnaujua. Kisha zikaja zile meza za Kadutu zenye kompyuta na jenereta, unatoa kakadi ka simu yako, jamaa anakujazia nyimbo za dunia nzima, ananunua soda kwa pesa yako, mwimbaji hapati hata kizibo cha ile soda. Na sasa hata meza zinakufa. Mmoja anachukua kwenye mutandao, anapitishia avenue nzima, mtaa wote, simu kwa simu, bila hata kutumia mega za mutandao.

Nsimire wimbo wake wa kwanza ulienda namna hiyo. Ulifika kila mahali: saluni, kwa washona viatu, kwenye pirogue za ziwani. Wanasema kuna mahali huko juu mutandaoni wanalipa mutu akisikilizwa. Alijaribu. Wakamuomba banki na vitambulisho ambavyo hana, na halafu watu wetu hawasikilizi huko, wanasikiliza kwa rafiki. Siku moja alikuja kwangu amevua viatu, kavishika mkononi. Alimsimamisha motard, dereva wa moto, na motard alikuwa na kabafle anapiga wimbo gani? Wake!

"Nikamwambia, kaka, ile wimbo ni yangu," akanisimulia. "Akasema, acha bongo, unadanganya. Nikamuimbia pale barabarani. Akafurahi, Tonton! Tukapiga picha. Nikamwambia, basi unipeleke ata Kadutu, sina kitu. Akasema, dada, wimbo njo ya bure, essence ya kutia mu moto apana."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikaona hacheki, nikaacha. Alikuwa amepanda mlima wote kwa miguu, na wimbo wake unampita kila mara juu ya moto za watu.

Basi mnaona kwa nini audio ya Mulonda, yule mwenye pesa wa Shabunda, ilipoingia kwenye simu yake, aliruka kwa furaha. Sauti nzito: "Miye Mulonda, PDG wa Neema, Shabunda. Unitupe muzuri mu wimbo yako mupya. Useme PDG wa Neema. Neema usisahau." Na alituma kitu hapo hapo, cha kulipa studio yote. PDG, huko kwenye dhahabu, ni mwenye shimo.

Nsimire alikuja kunieleza, macho yanang'aa.

"Umemuona sura?" nikamuuliza.

"Tonton, ile ya kuona sura ilikuwaka ya zamani. Eko na picha ku profil."

"Picha ya nini?"

Akaitazama simu. "Ya simba."

"Na hiyo Neema ni nini?"

"Shimo ya dhahabu."

"Ya nani?"

"Yake! Si amesema?"

Niliguna tu. Studio haifunguliwi kwa maneno ya muzee. Alirekodi, na jina aliliweka kabla tu ya kiitikio, pale ambapo hata kiziwi anaitikia. Wimbo ulikuwa mutamu, Mungu anisamehe, mutamu kabisa. Kabla ya mwezi kwisha watoto wa avenue yangu wakicheza mpira, anayefunga goli anakimbia mikono juu: "Mulondaaa!" na wenzake wanaitikia: "PDG wa Neema!"

Jumapili moja baada ya misa, nikakuta mama mmoja kwenye mlango wangu, amevaa nyeusi, matope ya njia mpaka magotini. Alikuwa ameuliza nyumba ya Tonton Kelele toka sokoni.

"Ni weye njo tonton ya ule mutoto mwenye anaimba?"

Nikamkaribisha. Chai akakataa. Akasema anaitwa Maman Neema.

Vijana, jina lile lile la shimo!

"Bwana yangu Kyalumba njo alianza ile shimo," akasema, bila kupaza sauti. "Akaipatia jina ya mutoto wetu wa kwanza. Mulonda alikuwaka ananunua tu dhahabu kwetu. Kyalumba amekufa, Mulonda anasema shimo ni yake, Kyalumba alikuwaka mufanyakazi. Batu bakamucheka. Kule hakuna makaratasi, Papa, kila mutu anajua tu kwa kusikia. Kisha wimbo ikakuja. Sasa bachimbaji banasema, ata Bukavu kule banajua ni ya Mulonda. Banaenda kwake, mumoja mumoja."

Akajifunga kitambaa upya.

"Na ni wimbo muzuri, shida njo iyo. Neema mwenyewe anaiimba akiosha vyombo. Nilimupiga kofi. Hajui sababu. Tukalia sisi wawili."

Nilimwita Nsimire pale pale. Alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, amekaa kwenye ngazi, uso kwenye magoti. Akatoa simu, akafuta wimbo kwenye ukurasa wake. "Nimetoa," akasema. Na wakati anasema, kwa mshona viatu wa ng'ambo ya barabara tukasikia sebene yake inaingia, na jina likatupwa, na kiitikio kikafuata. Maman Neema akageuza kichwa. Aliangalia tu upande ule. Ingekuwa kaseti ningeshuka soko la Kadutu na kikapu. Hii utaikusanya na nini?

Nsimire alitaka kuandika maneno ya kuomba radhi kwenye mutandao. Nikamwambia, nani atasoma? Watu wanacheza. Jina limetoka na sebene, litarekebishwa na sebene. Basi tukarudi studio, wimbo ule ule, gitaa zile zile, na jina nikalitupa mimi, koo langu limepumzika miaka: "Kyalumba, mwenye Neema, papa ya Neema!" Mwenye studio akasema kazi ile hatatutoza kitu.

Na mimi, niliyelaani mambo ya bure toka enzi ya kaseti, nikazunguka Kadutu nawabembeleza watu wachukue bure. Motard, saluni, wauza mbao, wanunuzi wa dhahabu wanaorudi porini. Chukua, pitisha. Njia ile inayotunyima chakula ndiyo iliyoupeleka wimbo Shabunda. Haikupita wiki, Maman Neema akapiga simu: umefika, na wachimbaji wengine wamerudi, na wazee wamesema neno la shimo litazungumzwa mbele ya watu wote siku inayofuata kutoa matanga ya Kyalumba.

Mulonda naye alituma audio. Mwanzo hakuna kitu, jenereta tu kwa mbali na mutu anapumua. Kisha: "Nimesikia." Basi. Nsimire aliirudia rudia mbele yangu. Si angetukana tu! Mutu akitukana unajua amekasirika kiasi gani.

Tangu hapo wakubwa wa kununua majina hawampigii. Mmoja alimwambia wazi: "Weye unatupa jina ya mutu kisha unaiokota." Studio hakuna, kodi ya Nguba inangoja, na nyimbo zake, zote mbili, zinaendelea kuchezwa bure.

Ndipo ukaja mwaliko. Namba ngeni, sauti ya mwanamuke: njooni kwa matanga ya Papa Kyalumba, safari tutalipa, kazi tutalipa. Namba ya Maman Neema haipiti toka siku kadhaa. Nikamwambia Nsimire haendi mutu hapo. Akanitazama, na sijasahau alivyonitazama.

"Tonton, kama siende, nitaimbia nani? Mutandao? Benye kunisikia bote hawanipe kitu. Aba ba Shabunda bananiita miye mwenyewe, na mwili yangu."

Na alisema kweli. Hilo ndilo ningewaambia ninyi, kama mnataka kuishi kwa muziki: wimbo utaenda bure, msipoteze usingizi kwa hilo, lakini anayetaka uje umuimbie mbele ya watu wake, huyo atalipa. Ila lazima umfikie. Na kufika ndiko kunakoniogopesha.

"Omba majina," nikamwambia.

Majina yaliingia jana. Audio ndefu, kuku wanalia, watoto wanakimbizana. Ile sauti ya mwanamuke ikaanza: Kyalumba. Baba yake Kyalumba. Infirmier aliyemuuguza. Katekista. Waliochimba kaburi, na wote kwa majina ya utani. Neema na wadogo zake. Hapo sauti nyingine ikapiga kelele, "Umesahau tante!" wakagombana, wakaanza upya toka marehemu. Nilicheka, mabega yakashuka. Nyumba iko. Watu wa kutega mutu hawamkumbuki shangazi.

Kisha simu ikachukuliwa na Maman Neema mwenyewe: "Tonton, simu yangu ilianguka mu maji, iyi ni ya wifi, muramu yangu. Na ku mwisho kabisa, mutupe na Mulonda. Ataikala pale mbele. Batoto bangu na bake banachota maji pamoja. Musimuache inje, akitoka pale na aibu, ni miye nitabaki naye."

Nsimire akasimama. "Mulonda tena? Kwa kinywa yangu? Siwezi!"

Nikamwelewa. Lakini nilimwelewa pia yule mama, kwa sababu sisi tutaimba na kupanda moto, yeye atalala pale pale, na kesho yake ndiyo siku ya wazee. Jina la Mulonda likikosekana, ni vita. Likitupwa vibaya, na ile PDG wa Neema yake, mbele ya watu wote, shimo limekwenda. Nikampigia muramu yake nikauliza kitu kimoja tu: Mulonda ana watoto? Anao, mukubwa anaitwa Espérance, anasoma na Neema.

Basi tumegawana. Nsimire atamwimba Kyalumba, gitaa zikinyamaza, ili kila mutu asikie. Mulonda ni wangu. Nitamtupa kama baba wa mutoto, bila PDG, bila shimo. Nitamwona sura kwa mara ya kwanza nikiwa tayari na mikro mdomoni, na simu zote za Shabunda ziko juu zinanirekodi, na kitakachotoka hapo kitafika Kadutu kabla yangu.

Leo asubuhi nimefanya mazoezi hapa nyumbani, dirisha wazi. Nikavuta pumzi, nikatupa: "Mulonda..." Na kabla sijafika kwa Espérance, watoto wa jirani wakaitikia toka nje, wote pamoja, kwa furaha: "PDG wa Neema!"

Nilifunga dirisha. Watoto hawana kosa, sisi ndio tuliowafundisha. Na Shabunda nzima imefundishwa vile vile.

Kwa hiyo nimegeuza. Nitaanza na mutoto: "Papa ya Espérance, Mulonda!" na kwenye silabi ya mwisho, pale pale, mupiga ngoma atakayetupigia kule aangushe fimbo zake zote, pasibaki nafasi hata ya mutu kuitikia. Nimempigia pale pale nikamweleza. Nimempigia tena mchana, akasema, Tonton, nimeelewa. Ngoja nimpigie mara nyingine.